Paa limeganda katikati na buti limesimama: kabla ya kununua pampu

Swali

Fundi, shikamoo. Nina Mercedes SLK 230 ya mwaka 1999, ile yenye paa la chuma linalojikunja na kuingia kwenye buti. Ilikuwa ya marehemu baba, aliiagiza kutoka Uingereza, na sitaki kuiuza. Tangu mwezi uliopita nikilifungua paa linaanza vizuri, buti linanyanyuka, halafu kila kitu kinanyamaza. Taa nyekundu kwenye swichi inawakawaka. Mdogo wangu akilisukuma buti kidogo kwa mkono, pampu inanguruma tena na paa linaendelea. Jumapili halikuendelea kabisa. Sasa limesimama nusu, buti liko juu, na mawingu ya masika yameshatanda. Fundi wetu wa mtaani anasema pampu imekufa, na amepata iliyotumika kwa laki tisa. Sijui kama inahusiana, lakini taa ya tatu ya breki, ile ya kwenye buti, huwaka inapotaka yenyewe, na buti halijifungi tena kwa rimoti. Pia kuna siku mafuta yalidondoka kutoka juu ya kioo cha kati, kile cha kutazamia nyuma, yakanichafulia gauni. Ninunue pampu? Na mvua ikija nifanyeje?

Msomaji, Kigamboni

Jibu

Marahaba, mwanangu, na pole kwa usumbufu. Hiyo laki tisa iweke kwanza. Pampu iliyokufa haifufuki kwa sababu mtu kasukuma buti. Ya kwako imekuwa ikinyamaza, inaguswa buti, inanguruma, inamaliza kazi. Hivyo ndivyo inavyofanya pampu inayonyimwa ruhusa, na anayeinyima namshuku yuko kwenye nyaya. Nitakueleza namna ya kumtafuta. Lakini mvua haisubiri maelezo, kwa hiyo tuanze na kulifunga paa.

Jaribio la kwanza halihitaji spana. Gari likiwa nje penye hewa, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, washa injini. Pampu ya paa inakula umeme mwingi sana, na injini ikiwaka betri inapata msaada. Mdogo wako asimame nyuma, ashike ukingo wa nje wa buti, mbali na bawaba na mbali na vyuma vinavyokunjana. Wewe kaa kwenye kiti, shikilia swichi upande wa kufunga, wala si wa kufungua, na usiiachie. Yeye alitikise buti taratibu, juu kidogo, chini kidogo, kama alivyozoea. Paa likianza kutembea atoe mikono mara moja arudi nyuma hatua mbili, na wewe uendelee kushikilia mpaka paa limelala, buti limeshuka na taa nyekundu imezimika. Mara nyingi paa lililogoma kufunguka hukubali kurudi lilikotoka. Likifunga, liache hivyo hivyo. Usilifungue tena hata jua likiwaka vipi, mpaka ugonjwa upatikane.

Likigoma, litafungwa kwa mkono. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Buti na paa la gari hili ni vyuma vizito, na kwa sasa vimeshikiliwa juu na mafuta yaliyobanwa ndani ya silinda. Kwenye mwili wa pampu, ambayo imefichwa ndani ya buti nyuma ya zulia, kuna skrubu ya kuachia shinikizo. Ukiilegeza, mafuta yanarudi kwenye chupa yake na vyuma vinakuwa huru kusogezwa kwa mkono. Maana yake ni kwamba viko huru pia kuanguka. Kwa hiyo kabla ya kuigusa skrubu hiyo, kata mti imara na uwekeni chini ya buti kama nguzo, zimeni gari, toeni ufunguo kabisa, na asiwepo mtoto karibu. Kitabu cha gari kinaonyesha skrubu ilipo na mpangilio wa kufunga hatua kwa hatua. Kama baba alikihifadhi, kitakuwa kwenye boksi la mbele ya kiti cha abiria. Skrubu ilegezwe kidogo tu kwa kuizungusha kushoto, isitolewe.

Kisha watu wazima wawili, mmoja kila upande, wanyanyue paa kwa pamoja na kwa mwendo mmoja. Upande mmoja ukitangulia, vyuma vya kukunjia vinapinda, na hapo utakuwa umenunua tatizo jipya lisilokuwepo. Paa likikaa juu ya kioo cha mbele, teremsheni buti polepole, halafu fungeni kufuli la mbele, lile linaloshika paa kwenye kioo cha mbele, kwa mkono kama kitabu kinavyoelekeza. Gari likiwa na paa ambalo kufuli lake halijafunga, lisiende barabarani. Upepo wa mbele unaingia chini ya paa na kulibeba. Kama hamuwezi kufika hapo leo, ni afadhali turubai zuri, lifungwe kwa kamba chini ya gari, kuliko kulazimisha chuma usiku kwa mwanga wa simu.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe.

Watu wengi wanafikiri paa hili ni suala la nguvu: pampu inasukuma, paa linakwenda, paa likisimama basi nguvu zimekwisha. Ndiyo maana kila fundi akiliona limesimama hukimbilia pampu. Lakini nguvu ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni ya zamu. Ukibonyeza swichi, kompyuta ndogo ya paa inauliza kwanza: buti limefungwa sawasawa? Pazia la mizigo ndani ya buti limevutwa na kunasa? Likijibiwa ndiyo, inaagiza kufuli la mbele liachie. Inasubiri kuambiwa limeachia. Ndipo inaagiza buti linyanyuke, na si kwa nyuma kama unapoweka mizigo, bali kwa upande wa mbele, kinyumenyume. Inasubiri kuambiwa limefika juu. Ndipo paa linakunjwa na kushuka, na buti linafunika. Kwenye SLK ya mwaka 1996 hadi 2004 safari nzima inachukua kama sekunde 25. Kila kituo kina swichi ndogo inayosema "nimefika". Swichi moja ikikaa kimya, kompyuta haiwezi kujua kama kimekwama chuma au umekatika waya, na imefundishwa kuchagua usalama. Inazima pampu na kuwasha taa nyekundu. Paa lako linapogoma nusu njia, linafanya kile lilichoundwa kufanya.

Mpangilio huu ni wa zamani kuliko kompyuta. Peugeot walikuwa na paa la chuma la kujikunja tangu miaka ya 1930, na mwaka 1957 Ford wa Marekani wakaingiza sokoni Skyliner, gari kubwa ambalo paa lake zima lilizama kwenye buti. Halikuwa na kompyuta hata moja. Lilikuwa na mota saba, swichi za kikomo kumi na nyaya za karibu mita 186, na kila hatua ilifungua mlango wa hatua inayofuata kwa kubonyeza swichi. Liliuzwa miaka mitatu tu, lakini walionayo hadi leo watakwambia kilio chao ni kile kile chako: mota nzima, swichi haijasema. Nalitaja kwa sababu ukishaelewa zamu hizi, huhitaji kuwa fundi kujua pa kuanzia. Unahitaji masikio.

Bonyeza swichi na usikilize. Kuna kimya cha aina tatu, na kila kimoja kina nyumba yake.

Ukibonyeza na husikii chochote tangu mwanzo, hata mnong'ono, shida iko kabla ya pampu. Fyuzi, rilei, betri, pazia la buti, swichi ya kwenye kufuli la buti. Ukisikia pampu inanguruma kwa nguvu na hakuna kinachosogea, shida iko kwenye mafuta: yamepungua, yanavuja, au ile skrubu ya kuachia shinikizo imebaki wazi. Na pampu ikianza vizuri, vyuma vikatembea, halafu vyote vikanyamaza kwa pamoja kwenye kituo kile kile kila siku, kuna kituo ambacho hakijajibu. Ya kwako ni hii ya tatu. Kituo chako ni kile cha buti kufika juu.

Soma tena barua yako, mwanangu, kwa sababu jibu ulishaliandika wewe mwenyewe. Paa linasimama buti linaponyanyuka. Taa ya breki ya kwenye buti inawaka inapotaka. Buti halijifungi kwa rimoti. Buti likisukumwa kwa mkono, mambo yanaendelea. Ni malalamiko manne, na yote yanapita njia moja: ule mkono wa nyaya unaotoka kwenye mwili wa gari, unapita kwenye bawaba na kuingia kwenye kifuniko cha buti. Kwenye magari mengine nyaya hizo zinakunjwa mtu anapoweka mizigo tu. Kwenye SLK buti linafunguka kwa njia mbili, la kawaida na la kinyumenyume, kwa hiyo nyaya zinakunjwa kwa namna mbili, na zako zimekunjwa kwa zaidi ya miaka ishirini, nusu ya miaka hiyo kwenye baridi ya Uingereza ambako plastiki inakakamaa, na nusu kwenye joto na chumvi ya bahari yetu. Kukatika kwa nyaya za bawaba ya buti ni ugonjwa unaojulikana wa magari haya. Ningeshangaa kama zako zingekuwa nzima.

Fungua buti kwa njia ya kawaida, paa likiwa limefungwa, na uangalie kwenye bawaba. Upande mmoja utaona mpira mweusi wenye mikunjo kama shingo ya kobe, umebeba fungu la nyaya. Uchomoe mpira huo taratibu pande zote mbili, uusogeze, ukunjue tepu iliyo ndani. Kisha chukua waya mmoja mmoja, uukunje kwa vidole kama unavyokunja mrija wa soda. Waya mzima unapinda kwa ukinzani, kama una mfupa. Waya uliokatika ndani unajikunja pale pale kama uzi, hata ganda lake la plastiki likiwa halina mkwaruzo. Hapo ndipo mafundi wengi wanapodanganyika: wanatazama ganda, hawakunji. Shaba ndani imeachana, ncha mbili zinagusana buti likikaa hivi na zinaachana likikaa vile. Ndiyo maana mkono wa mdogo wako ulikuwa dawa. Alikuwa anazikutanisha ncha.

Kama fundi wako ana mita ya kupimia umeme, aiweke kwenye mlio, ashike ncha za waya mmoja pande zote mbili za bawaba, na mwingine afungue na kufunga buti polepole. Mlio ukikatika njiani hata mara moja, umempata. Anzeni na nyaya za kahawia. Kwenye Mercedes kahawia ni ethi, waya unaorudisha umeme kwenye mwili wa gari, na ethi moja hutumikia vitu vingi. Taa na kufuli kuumwa wakati mmoja kunanifanya nimshuku wa kahawia kabla ya wengine. Lakini mkimkuta amekatika msifunge mpira na kushangilia. Pimeni wote. Waliokunjwa pamoja huwa wanazeeka pamoja, na ukimtibu mmoja, mwenzake atakuita baada ya wiki mbili, pengine paa likiwa nusu katikati ya foleni ya kivuko.

Kuunga kwenyewe kuna adabu yake, na hapa naomba umsimamie fundi bila kumwonea haya. Betri ichomolewe ethi kwanza. (Redio ya zamani inaweza kudai namba yake ya siri baada ya hapo, itafute kwanza kwenye makaratasi ya baba.) Asisokote ncha mbili na kuzifunga tepu. Kiungo cha kusokota kinakaa wiki kadhaa, halafu chumvi inaingia na unaanza upya, safari hii kikiwa kimefichwa. Asitumie waya mgumu wa umeme wa nyumba; atafute waya wa gari wenye nyuzi nyingi nyembamba, unaolala mkononi kama kamba. Akate sehemu yote iliyochakaa, aweke kipande kirefu kidogo kuliko cha zamani, na viungo vikae nje ya mahali panapokunjwa, kimoja upande wa mwili wa gari, kingine upande wa kifuniko. Achomelee kwa risasi, avalishe kila kiungo mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Viungo vya nyaya tofauti visikae usawa mmoja, vipishane, la sivyo mtapata nundu lisilopita kwenye mpira. Ni kazi ya nusu siku kwa mtu mwenye subira, na vifaa vyake havifiki hata sehemu ndogo ya bei ya pampu ile.

Nyaya zikionekana nzima zote, bado tuko kwenye buti. Swichi ndogo za kwenye bawaba na kwenye kufuli hula kutu ya kijani, hasa kwa gari linalolala karibu na bahari. Soketi zake zichomolewe, zipigwe dawa ya kusafishia viungo vya umeme, ile inayokauka bila kuacha mafuta, kisha zirudishwe mpaka zilie "ta". Na pazia la mizigo liangaliwe ndoano zake za pande zote mbili. Pazia hili lipo ili paa lisishuke juu ya begi lako, na lisiponasa, kompyuta inakataa kabisa.

Kwa pazia hili nina deni. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni wa magari ya aina hii, mzee mmoja aliniletea lake likiwa kimya. Nikafungua, nikatazama, nikamwambia pampu. Akaiagiza, ikachukua wiki sita kufika. Tulipoifunga, kimya kilikuwa kile kile. Ndoano moja ya pazia ilikuwa imepinda kwa uzito wa begi, haikubonyeza swichi yake. Niliinyoosha kwa koleo na paa likafunguka. Pesa ya kazi nilimrudishia. Ya pampu sikuwa nayo, na mzee hakunidai. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo linalonifanya nikuandikie kirefu hivi badala ya kusema tu "jaribu kupima nyaya".

Betri nayo isiachwe. Mita ikiwekwa kwenye betri, gari limezimwa na limepumzika, volti 12.6 ni betri iliyoshiba. Injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Halafu pima wakati pampu inafanya kazi huku injini imezimwa: ikishuka chini ya 11, betri imechoka au vichwa vyake vimelegea, na kompyuta ya paa ikikosa umeme wa kutosha hupoteza hesabu ya zamu zake. Msibonyeze bonyeze swichi kwa dakika kumi mfululizo mkijaribu. Mota ya pampu inapata joto, na pampu nyingine hujizima zenyewe mpaka zipoe, halafu mnadhani mmekutana na ugonjwa mpya.

Fundi akisema anataka kupima kwa mashine, sawa, ila aulizwe ni mashine gani. Vile vifaa vidogo vinavyotuma namba za injini kwenye simu havifiki kwenye kompyuta ya paa. Gari la umri wako lina soketi ya duara yenye matundu 38 chini ya boneti, na mashine ya Mercedes inayochomekwa pale ndiyo inayoongea na paa. Na ikishachomekwa, asisome kosa lililohifadhiwa tu. Afungue ukurasa unaoonyesha kila swichi ikiwa wazi au imefungwa, kisha buti lisogezwe kwa mkono huku mtu anatazama kioo cha mashine. Swichi isiyobadilika wakati chuma kimesogea imejitangaza yenyewe. Kosa lililohifadhiwa mara nyingi litasema paa halikufika kwa wakati, na hilo unalijua bila mashine.

Mafuta yaliyokuchafulia gauni ni habari nyingine, na nafurahi umeyataja. Juu ya kioo cha kati kuna silinda ndogo inayofungua na kufunga kufuli la mbele. Sili zake za mpira zinakauka kwa joto, kwa kuwa hapo ni mahali panapopigwa na jua siku nzima, na mafuta ya haidroliki yanaanza kudondoka kwa aliyekaa chini. Uvujaji huo haujasimamisha paa lako. Kama mafuta yangekuwa yameisha, pampu ingenguruma kwa sauti kali yenye mapovu na buti lingepanda kwa kushtukashtuka, lakini unasema linaanza vizuri. Ila utalisimamisha siku moja, na kabla ya hapo utaharibu viti na dari.

Kiasi cha mafuta kitazamwe kwenye chupa ya pampu, paa likiwa katika hali ambayo kitabu kinataka, kwa sababu mafuta yaliyo ndani ya silinda hayaonekani kwenye chupa. Ukipima katika hali isiyo sahihi utadhani yamepungua, utaongeza, na yatafurika. Aina ya mafuta iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Asikubali mtu kuweka mafuta ya breki eti ni haidroliki pia. Yale yanavimbisha na kuozesha sili za mfumo huu, na silinda moja inayovuja inageuka kuwa zote. Silinda ya mbele inaweza kutolewa na kuwekwa sili mpya bila kununua nzima. Kuna watu nje wanaofanya kazi hiyo tu, na fundi mzuri wa haidroliki wa mashine za ujenzi hapa Dar es Salaam akipewa vipimo sahihi vya sili anaweza pia. Inapotolewa, viti vifunikwe kwa plastiki na fundi avae miwani. Mafuta yaliyobaki ndani hutoka kwa kuruka.

Nimalize na mtu wako wa mtaani. Usimwone mwizi. Alisikia kimya akafikiri kifo, kama nilivyofikiri mimi. Nenda naye kwenye buti, mwonyeshe waya wa kahawia, mkunje pamoja. Na akitaka kuhakikisha kuhusu pampu kabla ya kuamini maneno yangu, ana haki hiyo, na kuna njia isiyogharimu kitu: siku paa litakapogoma, apime umeme kwenye soketi ya pampu, swichi ikiwa imeshikiliwa. Umeme ukiwepo, ethi ikiwa nzima, na pampu haizunguki, basi nilikosea na pampu ni mgonjwa. Umeme usipofika, pampu haina kesi.

Ukishaunga nyaya, mpira wa kobe umerudi mahali pake na betri imefungwa, rudi kwenye ile skrubu ya pampu kabla ya jaribio la kwanza, kama mliilegeza kulifunga paa kwa mkono. Ikazeni kwa kiasi, bila kuikamua. Nimeletewa magari yaliyotengenezwa vizuri kabisa, pampu inanguruma, hakuna kinachosogea, na wenyewe wameshakata tamaa, kumbe skrubu ile imesahauliwa wazi. Niandikie mita ilisemaje, na kama ni wa kahawia.